Tom Mboya alikataa kuwa pambo la afisi

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kijana wa miaka ishirini na kitu alikuwa peke yake katika maabara ya idara ya afya ya Jiji la Nairobi, akipima sampuli za maziwa. Mwanamke Mzungu akaingia, akatazama huku na huku, akauliza kama kuna mtu humo ndani. Kijana alikuwa amesimama palepale mbele yake. Akamuuliza yule mama kama macho yake yana shida.

Kijana huyo ni Thomas Joseph Odhiambo Mboya, na kisa hicho alikisimulia mwenyewe katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1963.

Sisi wa huku ziwani tunamjua TJ kwa majina ya vitu. Hapa Kisumu kuna chuo cha wafanyakazi chenye jina lake, kilicho chini ya COTU. Homa Bay kuna chuo kikuu. Ukifika Nairobi, sanamu yake iko Moi Avenue, na barabara ya Tom Mboya imejaa matatu na wachuuzi. Tena karibu kila mtu anajua vile alikufa. Vile alifanya kazi ndiyo wengi hawajui, na mimi nadhani stori yenyewe iko hapo, hasa kwa sisi tunaotafuta kazi na kuambiwa kila siku ati kampuni fulani inajali watu wa kila aina.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930, lakini si Rusinga kama wengi wanavyodhani. Alizaliwa Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge la McMillan, ambako baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa nyapara. Wazazi ndio waliotoka Rusinga. Na Rusinga yenyewe ni kwa Wasuba, jamii ndogo ambayo kwa vizazi imezoea kuongea Kijaluo hadi ikahesabiwa ndani ya Waluo. Kwa hivyo huyu jamaa alikuwa mtu wa kisiwa aliyekulia bara, mtoto wa wachache ndani ya jamii kubwa, kwenye shamba lililojaa wafanyakazi kutoka kila upande wa Kenya. Kabla hajajua siasa ni nini, alikuwa ameshazoea kuishi na watu wasio wa kwao.

Alisoma Kabaa kule Ukambani, akarudi Nyanza kusoma St Mary's Yala, kisha Mang'u. Hapo Mang'u pesa zikaisha. Baba hakuweza kuendelea kulipa karo, basi Tom akaachia masomo njiani na kutafuta kozi ambayo haingemgharimu. (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu hiyohiyo, kwa hivyo sehemu hii ya maisha yake huwa naisoma mara mbili.) Akaingia Jeanes School, Kabete, mwaka 1948, akasomea ukaguzi wa afya. Kwa lugha ya mtaa, akawa bwana afya.

Baraza la Jiji la Nairobi lilimwajiri mwaka 1951. Sasa angalia vizuri hapa, kwa sababu ndipo mambo yanaanzia. Kwenye karatasi, jiji lilikuwa limefungulia Waafrika mlango. Kulikuwa na wakaguzi wa afya Waafrika, wana vyeti, wana madaftari, wanapita hotelini na madukani kama wenzao. Mgeni angekuja angeona idara yenye rangi mchanganyiko. Lakini siku ya mshahara, Mwafrika alipokea sehemu moja ya tano ya kile Mzungu alichopokea kwa kazi ileile. Moja ya tano! Yaani ukikagua maziwa siku tano, ni kama umelipwa siku moja, na siku nne umetoa msaada kwa jiji.

Mtu angeweza kununa tu na kunyamaza. Wengine walifanya hivyo na siwalaumu, watoto wanataka kula. Mboya alichofanya ni kuingia katika chama cha wafanyakazi Waafrika wa jiji. Kwanza kilikuwa kikundi cha adabu sana, cha kupeleka maombi kwa wakubwa na kushukuru. Yeye na wenzake wakakigeuza kuwa chama halisi, cha wafanyakazi wa serikali za mitaa nchi nzima, chenye wanachama wanaolipa ada na kinachoweza kukaa mezani na mwajiri. Mwaka 1953 kazi yake ya jiji ikaisha, akabaki na chama. Mwaka huohuo akawa katibu mkuu wa shirikisho lililounganisha vyama vyote. Alikuwa na miaka 23.

Huo ulikuwa wakati mbaya. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, KAU ikapigwa marufuku, viongozi wakatiwa kizuizini. Vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyobaki na sauti. Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma, Mboya akateremka pwani kuwa mpatanishi, na mwishowe mishahara yao ikapanda kwa karibu theluthi moja. Huyo si mtu wa kutoa hotuba halafu aende kunywa chai. Alijua kuhesabu, na alijua mwajiri anaogopa nini.

Baada ya mwaka mmoja Ruskin College, Oxford, alirudi nyumbani mwaka 1956 na kukuta siasa imeanza kufunguliwa kidogo. Hapo ndipo tunafika kwenye kile kiti ninachotaka kukizungumzia.

Mwaka 1954, serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta katiba iliyoitwa ya Lyttelton, kwa jina la waziri wa makoloni wa Uingereza. Ilisifiwa kuwa ya watu wa rangi zote. Kando na maafisa wa serikali, baraza la mawaziri likapewa Wazungu watatu, Waasia wawili na Mwafrika mmoja. Mmoja, kwa mamilioni ya watu. Wazungu walikuwa makumi ya maelfu tu. Na yule Mwafrika mmoja alikuwa mtu wetu wa Nyanza, Beneah Apolo Ohanga, ambaye alipewa wizara ya maendeleo ya jamii.

Watu humcheka Ohanga siku hizi, wale wachache wanaomkumbuka. Mimi siwezi. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa waziri Kenya nzima, na ukijiweka katika viatu vyake, mwaka 1954, huku watu wanakamatwa kila usiku, ungekataa? Labda alifikiri akiingia ndani atavuta wengine. Tatizo ni kwamba hakukuwa na wa kumsaidia kuvuta. Akiwa peke yake kwenye meza ile, kura yake haikuweza kubadilisha chochote, lakini uso wake uliweza kufanya mengi: ulionyesha dunia kwamba Waafrika wa Kenya wameshirikishwa.

Najua kidogo kuhusu meza za aina hiyo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa afisi moja, sitaitaja, ambako nilikuwa kijana pekee na mtu pekee aliyetoka sehemu hizi. Wageni wa kutoa pesa wakija, mimi ndiye nilikaa mbele. Picha yangu ilitumika kwenye ripoti yao ya mwaka, nikicheka na kompyuta ambayo haikuwa yangu. Kikao cha bajeti kikianza, mdosi alinituma nikapige nakala za karatasi, na nilikuwa nikirudi wamemaliza. Nilikaa miezi saba. Kwa hivyo nikisoma habari za Ohanga, sicheki.

Machi 1957 Waafrika walipiga kura kuchagua wabunge wao kwa mara ya kwanza. Viti vilikuwa vinane. Si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura, na Wakikuyu, Waembu na Wameru walibanwa zaidi. Mboya alisimama Nairobi dhidi ya wakili Argwings-Kodhek na wengine, akashinda akiwa na miaka 26. Huku kwetu, Nyanza ya Kati, Jaramogi Oginga Odinga alimwangusha Ohanga, waziri mzima. Wapiga kura walikuwa wamesema wanavyofikiri kuhusu kile kiti kimoja.

Wale wanane walikutana na kukubaliana jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Walikataa uwaziri. Hakuna hata mmoja ambaye angekichukua kiti. Kumbuka hawa walikuwa watu wa kawaida, wengine walimu tu, na uwaziri ulikuja na mshahara, gari na heshima. Walifahamu kwamba mpango mzima ulihitaji Mwafrika mmoja wa kuonyeshwa. Bila yeye, picha haiwezi kupigwa. Na kweli, katiba ya Lyttelton ikakwama.

Waziri mpya wa makoloni, Lennox-Boyd, akaja na mpango mwingine. Waafrika wakaongezewa viti sita vya kuchaguliwa, wakafika 14 na kulingana na Wazungu. Hapo angalau kulikuwa na kitu. Lakini akaongeza viti 12 maalumu: vinne vya Waafrika, vinne vya Wazungu, vinne vilivyobaki vya Waasia na Waarabu. Vizuri, sivyo? Rangi zote sawasawa. Sasa uliza nani alikuwa anawachagua. Walichaguliwa na wabunge wenyewe, ndani ya baraza ambalo wabunge Waafrika walikuwa wachache. Kwa hivyo Mwafrika ambaye angepata kiti maalumu ni yule tu ambaye wengine wamempenda. Mwenye nyumba ndiye anayekuchagulia msemaji wako.

Mboya na wenzake wakawaita waliogombea viti hivyo wasaliti, hadharani na kwa maandishi. Wakapelekwa kortini na kutozwa faini ya pauni 75 kila mmoja. Kwangu mimi waliwachoma sana wale wagombea, walikuwa watu wenye majina na familia, na hasira ingeelekezwa zaidi kwa aliyetengeneza viti. Lakini kuhusu viti vyenyewe, sioni walikosea wapi.

Kulikuwa na sababu moja ambayo serikali ilikuwa ikirudia, na utaitambua mara moja kwa sababu bado inatumika. Ilikuwa hii: tungependa kuwapa Waafrika kazi kubwa, lakini waliohitimu hawapo. Na kweli hawakuwapo wengi. Makerere ilikuwa na nafasi chache, nafasi za Uingereza zilikuwa chache zaidi, na aliyeamua nani aende ni serikali ileile iliyokuwa ikilalamika kwamba waliohitimu hawapo.

Mboya hakubishana nao sana. Alienda kutafuta ndege. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akiongea na vyuo, vyama vya wafanyakazi na watu wenye majina. Mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier waliweka majina yao kwenye ombi la mchango. Nyumbani, yeye pamoja na Julius Kiano na Kariuki Njiiri walikuwa wakipitia majina ya vijana waliopata nafasi vyuoni lakini hawana nauli. Mmoja wa Rusinga, wawili wa Mlima Kenya. Septemba 1959 ndege iliyokodiwa ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81, ikatua New York. Mwaka uliofuata Mboya alimwendea John F. Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, na wakfu wa familia yake ukatoa dola 100,000. Wangari Maathai alienda kwa mpango huo mwaka 1960. Hadi 1963 walikuwa wamefika mia kadhaa. Serikali ya kikoloni haikufurahia, ikasema vyuo vingine vya Marekani si vya maana. Lakini hao vijana walirudi na digrii zao, wakaingia wizarani, vyuoni, mahospitalini na mashirikani, na ile sababu ya kwamba waliohitimu hawapo ikaanza kukosa nguvu.

Hiyo ndiyo sehemu yake ninayoiheshimu zaidi. Kukataa kiti ni ushujaa wa siku moja. Kutafuta karo za watu mia kadhaa, barua kwa barua, chuo kwa chuo, ni kazi ya kuchosha ambayo haina picha nzuri.

Kura za 1961 zilionyesha kitu kingine. Aligombea Nairobi Mashariki dhidi ya Dkt Munyua Waiyaki, wengi wa wapiga kura wakiwa Wakikuyu, na akashinda kwa mbali sana. Walimchagua kwa sababu walijua amewafanyia nini. Siku hizi ukisema hivyo kwenye kituo cha matatu watu watakuangalia kama umelewa.

Mwaka 1962 akawa Waziri wa Leba. Oktoba mwaka huo, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi wakatia sahihi mkataba wa mahusiano kazini, ambao uliweka taratibu za kushughulikia migogoro. Yule bwana afya wa moja ya tano sasa ndiye aliyekuwa ameketi kichwani pa meza.

Lakini tusimfanye malaika, maana kuna mambo mawili yanayoniuma.

La kwanza ni karatasi. Akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, mwaka 1965 aliongoza kutolewa kwa Waraka wa Kikao Nambari 10, kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Ndani yake kulikuwa na wazo kwamba pesa za maendeleo ziende kwanza mahali zitakapozaa haraka: kwenye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Kwa mwanauchumi inaleta maana. Kwa mtu wa kaskazini, au wa kando ya ziwa hili ambako mji mzima ulitegemea reli na bandari, maana yake ilikuwa subiri. Mtu wa Rusinga aliandika waraka ambao mpaka leo watu wa Rusinga wanaulalamikia. Mmoja wa waliomkosoa mapema, mwaka huohuo, alikuwa mwanauchumi kutoka Kogelo, Barack Obama, babake yule rais. Aliuliza, kwa ufupi, uchumi huu ni wa nani ikiwa biashara kubwa za Nairobi bado haziko mikononi mwa Waafrika.

La pili ni Limuru, Machi 1966. Mboya, akiwa katibu mkuu wa KANU, ndiye aliyepanga mkutano uliofuta cheo cha naibu wa rais wa chama, cheo cha Odinga, na mahali pake kuweka manaibu wanane, kila mkoa na wake. Uone vile inapendeza. Viti vinane, kila kona ya nchi ina mtu. Lakini nia ilikuwa kumtoa Odinga, na naibu mmoja kati ya wanane hana nguvu ya kumtisha mtu yeyote. Mtu aliyejua kuliko wote jinsi kiti cha pambo kinavyotengenezwa, alivitengeneza vinane kwa mkupuo.

Nimekaa na jambo hilo siku kadhaa kabla ya kuandika. Sidhani lilimfanya mnafiki. Lakini linaonyesha kwamba ujuzi huo unaweza kutumika na yeyote, na hata leo unatumika. Tuna sheria nzuri Kenya. Taasisi ya umma haifai kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja, inasema sheria ya utangamano ya mwaka 2008. Kaunti inapojaza nafasi za kuanzia kazi, angalau asilimia 30 ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti hiyo. Kisumu pia imo. Katiba inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika nyadhifa za kuchaguliwa na kuteuliwa, na asilimia 5 ya nafasi hizo zifikie watu wanaoishi na ulemavu hatua kwa hatua. Nambari hizo ni za kuhesabu vichwa. Sheria hizo hazikuambii nani anaitwa kwenye kikao cha bajeti, nani anapandishwa cheo, wala nani analipwa moja ya tano. Hayo Mboya aliyauliza jijini mwaka 1952, na ni maswali unayoweza kuuliza pia ukiwa kwenye mahojiano ya kazi, kwa adabu, ukishamaliza kueleza nguvu na udhaifu wako.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, akitoka kwenye duka la dawa katika barabara ya Government, ambayo sasa ni Moi Avenue, alipigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga alipatikana na hatia na kunyongwa mwaka huohuo, na nani alikuwa nyuma yake ni swali ambalo wazee wa huku hawajaacha kuliuliza. Mwili ulisafirishwa kwa barabara hadi Nyanza, watu wakiwa wamejaa kando ya njia, ukazikwa Rusinga. Kaburi lake lina umbo la risasi. Ukitaka kuliona, kutoka Kisumu unapitia Luanda K'Otieno, unavuka kwa feri hadi Mbita, kisha boda.

Desemba mwaka uleule kulikuwa na uchaguzi. Kisumu Mjini walimchagua Grace Onyango, mwalimu wa zamani ambaye tayari alikuwa ameshakuwa meya wao. Akawa mwanamke wa kwanza Kenya kuchaguliwa mbunge, na katika bunge lile ndiye mwanamke pekee aliyeletwa na wapiga kura. Baraza la mawaziri ambalo Mboya alikaa ndani yake miaka sita halikuwa na mwanamke hata mmoja. Wa kwanza kuwa waziri kamili alipatikana mwaka 1995.